Jina lenye kiwimbi: kutoka wachapaji wa Karatina hadi wabunifu wa Mwea

Leo tuweke kando kidogo mambo ya kuandika programu. Nataka tumzungumzie jirani wa kazi yetu ambaye tunamtegemea sana lakini hatumwandiki: mbunifu wa michoro aliyejiajiri mwenyewe. Namsema yule mwenye meza moja, kompyuta moja na printa moja, katika chumba cha mbele cha jengo fulani pale Ngurubani, Kerugoya, Karatina au mjini Nyeri. Ukitaka kadi za harusi, unamwendea yeye. Ukitaka mfuko wa mchele wenye nembo yako, unamwendea yeye. Ukifiwa, unamwendea yeye pia, tena siku hiyo hiyo.

Wengi hudhani kazi hii ililetwa na kompyuta. Sivyo. Katika miji hii iliyouzunguka Mlima Kenya, kujitafutia riziki kwa kupanga herufi na picha juu ya karatasi ni jambo la zaidi ya miaka sabini. Vifaa vimebadilika mara nyingi, na kila vinapobadilika watu husema kazi imekwisha. Haijaisha. Sababu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba mteja hanunui mchoro peke yake. Ananunua jina lake liandikwe sawasawa na lilindwe. Ngoja nieleze kwa historia.

Mtambo ulikuwa wa nani?

Mwanzoni mitambo ya kuchapa haikuwa ya wenyeji. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata walichapa Nyeri, na gazeti lao la Kikuyu, Wathiomo Mukinyu, lilianza mwaka 1916. Mwaka 1928 chama cha Kikuyu Central Association kilianzisha Muigwithania, na mhariri wake akawa Jomo Kenyatta. Kwa hiyo kusoma na kuandika kulishakuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kawaida, asiye padri wala afisa, aliyeamua kwamba kuchapa ndiyo itakuwa kazi yake ya kumlisha.

Mtu huyo, kwa upande wetu huu wa mlima, ni Gakaara wa Wanjau. Alizaliwa mwaka 1921 Nyeri, mtoto wa mchungaji wa kanisa la Presbyterian. Alisoma Alliance, akafukuzwa mwaka 1940 baada ya mgomo wa wanafunzi, akaingia jeshini. Aliporudi uraiani aligeukia uandishi. Mwaka 1946 alitoa kijitabu chake cha kwanza, Uhoro wa Ugurani, kuhusu mambo ya kuoa na kuolewa. Mwaka 1948 akatoa kingine kwa Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Vilikuwa vitabu vidogo vya kusomwa na mtu aliyetoka sokoni. Hapo ndipo palipokuwa na biashara: kitabu kikubwa kinakula mtaji wako wote kabla hujauza nakala moja, lakini kijitabu kinarudisha pesa haraka, nawe unachapa kingine.

Msomaji ukitafakari utaona huu ndio mpango ule ule wa mbunifu wa leo. Kazi ndogo ndogo ndizo zinazolipa kodi ya chumba, na kazi kubwa inakuja mara chache. Anayengoja kazi kubwa tu atakufa njaa akiingoja.

Gakaara aliandika, akachapisha na akauza. Kufikia mwaka 1952 alikuwa anatoa pia vijitabu vya nyimbo na maandishi ya siasa. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, naye akawa mmoja wa waliokamatwa mwanzoni kabisa. Machoni pa serikali silaha yake ilikuwa karatasi. Miaka ya 1950 iliyobaki ilimpita karibu yote akiwa kizuizini, akihamishwa kambi hadi kambi, kikiwemo kisiwa cha Manda kule Lamu.

Huko kizuizini alifanya jambo ambalo kila mtu wa kompyuta anapaswa kulisikia. Aliweka kumbukumbu. Aliandika shajara, akazificha karatasi zake zisinaswe na askari, akatoka nazo. Karatasi hizo zilikaa miaka mingi, kisha mwaka 1983 zikatoka kama kitabu, Mwandĩki wa Mau Mau Ithamĩrio-inĩ. Mwaka 1984 kitabu hicho kilishinda tuzo ya Noma, ambayo aligawana na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata mwaka 1988. Sisi leo tuna diski za nje na hifadhi za mtandaoni, na bado utamsikia mbunifu akisema faili la nembo ya mteja wa mwaka jana limepotea pamoja na kompyuta iliyoharibika. Mtu aliyekuwa na askari mlangoni alitunza kazi yake miaka thelathini!

Baada ya kutoka kizuizini Gakaara alijenga upya biashara yake Karatina. Kutoka hapo alitoa vitabu na jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi, lenye visa vya kuchekesha vya mhusika wake Wa-Nduuta. Alifariki mwaka 2001. Ukipita Karatina siku ya soko, katikati ya vitunguu na mitumba, kumbuka kwamba mji huu ulikuwa na mchapishaji wake.

Kiwimbi kilichopotea

Sasa tuingie kwenye ufundi, maana najua wengi wenu mlikuwa mnasubiri hapa.

Kiswahili kina irabu tano, na herufi zake zote zipo kwenye kibodi ya kawaida. Ndiyo maana sisi wasomaji wa Kiswahili hatujawahi kulia kuhusu fonti. Kikuyu kina irabu saba. Mbili kati yake huandikwa kwa kuweka kiwimbi juu: ĩ na ũ. Kiwimbi hicho si pambo. Neno gũkira maana yake ni kunyamaza, na gũkĩra maana yake ni kuzidi. Ondoa kiwimbi na umebadilisha neno.

Zama za uchapaji wa risasi, kila herufi ilikuwa kipande cha madini kinachopangwa kwa mkono. Seti ya kawaida ya Kiingereza haikuwa na ĩ wala ũ, na ilibidi ziagizwe kipekee. Kwa hiyo usishangae ukikuta maandishi mengi ya zamani yametoka bila alama, pamoja na jina la Muigwithania lenyewe, kama nilivyoliandika hapo juu.

Kisha ikaja kompyuta. Mwaka 1985 Apple walitoa printa ya LaserWriter iliyoelewa lugha ya PostScript ya Adobe, na mwaka huo huo ikatoka programu ya PageMaker. Kwa mara ya kwanza mtu mmoja mezani aliweza kufanya kazi ya chumba kizima cha wapanga herufi. CorelDRAW ilifuata mwaka 1989 na Photoshop mwaka 1990. CorelDRAW ndiyo ambayo mafundi wengi wa miji yetu walijifunzia, na hadi leo ukiingia duka la kutengeneza mihuri na mabango utaikuta.

Lakini kiwimbi hakikurudi mara moja. Kompyuta za wakati ule zilihifadhi kila herufi kwa baiti moja, na baiti moja inatosha alama 256 tu. Orodha iliyotumiwa na Windows kwa Kiingereza na lugha za Ulaya Magharibi ina ñ ya Wahispania na ã ya Wareno, lakini haina ĩ wala ũ. Ajabu ni kwamba orodha nyingine ya mwaka 1988, iitwayo ISO 8859-4, ilikuwa nazo zote mbili, kwa sababu ya tahajia ya zamani ya watu wa Greenland! Hakuna aliyewafikiria watu wa Kirinyaga. Mbunifu akaziba pengo alivyoweza: akaweka î badala ya ĩ, au akachora kiwimbi kwa mkono juu ya kila herufi, au akaacha.

Ukombozi ulikuja na Unikodi, mpango wa kuipa kila herufi ya dunia namba yake. Humo ĩ ni 0129 na ũ ni 0169, na zile kubwa, Ĩ na Ũ, ni 0128 na 0168. Ukiwa ndani ya Word, andika namba hiyo kisha bonyeza Alt pamoja na X, herufi inajitokeza. Na siri nyingine: ukichagua fonti, angalia kama inakubali Kivietinamu. Lugha ya Vietnam inatumia ĩ na ũ pia, kwa hiyo fonti yoyote iliyotengenezewa Hanoi itamfaa mteja wako wa Kutus.

Mfereji, mchele na mfuko

Wakati Gakaara yuko kizuizini, maelfu ya wafungwa wengine wa hali ya hatari walipelekwa kwenye kambi za Mwea. Kutoka katikati ya miaka ya 1950 walichimba mifereji iliyoingiza maji mashambani, na hapo ndipo ulipoanza mradi wa mpunga tunaoujua. Baada ya uhuru, Sheria ya Umwagiliaji ya mwaka 1966 iliunda Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji. Mkulima wa Mwea akawa mpangaji katika shamba la bodi. Mpunga wote aliupeleka kwa bodi, bodi ikakata gharama zake, kilichobaki ndicho akalipwa.

Mbona nasimulia mpunga katika makala ya wabunifu? Kwa sababu katika mpango ule mkulima hakuhitaji mbunifu. Mchele wake haukuwa na jina lake.

Mwaka 1998 wakulima waligoma kupeleka mpunga kwa bodi, na vurugu zilizofuata hadi mwaka 1999 zilichukua maisha ya watu. Tangu hapo mkulima akawa huru kumuuzia amtakaye. Vinu vya watu binafsi vikaongezeka Ngurubani na kando ya barabara ya kwenda Embu. Sasa kila mwenye kinu anataka mfuko wake: kilo moja, mbili, tano, wenye picha ya mlima, suke la mpunga, na maneno Pishori ya Mwea. Mfuko huo lazima mtu auchore. Kwa hiyo mbunifu wa Ngurubani anakula matunda ya mgomo ambao labda hakuwa amezaliwa ulipotokea.

Na hapo hapo ndipo penye mtihani wake mkubwa. Pishori halisi ya Mwea, aina ya Basmati 370, ina harufu na bei yake. Wapo wanaochanganya na mchele wa bei nafuu kutoka nje na kuuza mchanganyiko huo kwa jina la Mwea. Mchanganyiko hauna maana bila mfuko, na mfuko una mchoraji. Atafanyaje mteja akimwambia aandike Pishori Halisi naye anajua si kweli? Atafanyaje akiambiwa anakili alama ya ubora ya KEBS kutoka mfuko wa mtu mwingine? Kutumia alama hiyo bila kibali ni kosa la jinai. Elfu chache za kodi ya chumba ziko upande mmoja, na jina la wakulima wote wa bonde liko upande wa pili. Dawa yake ni rahisi kuieleza ingawa ni chungu kuifuata: omba kuona kibali cha KEBS kabla ya kufungua faili. Mwenye nacho hakasiriki kukionyesha.

Siku moja ya mbunifu

Kazi inayofunza zaidi ni ile ya msiba. Familia inataka kijitabu cha ibada ya mazishi: picha ya marehemu, wasifu wake, ratiba, nyimbo za Kikuyu, na orodha ndefu ya watoto, wakwe, wajukuu na vitukuu. Mazishi ni Ijumaa, maneno yanafika Jumatano jioni kwa WhatsApp, vipande vipande, kutoka kwa watu watano tofauti. Picha pekee iliyopo ni ya kitambulisho, ndogo kama stempu.

Kazi za rangi nyingi hupelekwa Nairobi, kwa wachapaji wa River Road, na mzigo unarudi kwa matatu kama kifurushi. Zamani mtu alisafiri na diski mkononi. Baada ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ilianza kushuka bei, na leo faili linatangulia kabla ya matatu kujaza abiria.

Sasa sikiliza. Mbunifu ameandika Mũthoni vizuri kwenye kompyuta yake. Mchapaji wa Nairobi anafungua faili, lakini hana fonti ile. Programu inaweka nyingine isiyo na ũ, na mahali pa herufi panatokea kisanduku kitupu. Nakala 300 zinachapwa. Ijumaa binti wa marehemu anashika kijitabu cha mama yake, na jina la mama lina shimo katikati. Kosa la namna hii halirekebishwi Jumatatu.

Kinga ipo. Kabla ya kutuma, geuza maandishi yote yawe michoro, ili yasitegemee fonti tena, au tuma PDF iliyobeba fonti ndani yake. Weka rangi katika mfumo wa wino nne badala ya ule wa skrini. Acha milimita tatu za ziada pembeni kwa ajili ya kisu. Kisha mpe mtu mmoja wa familia, mmoja tu, asome majina yote na athibitishe kwa maandishi. Muulize pia wanataka jina liandikwe kama kwenye kitambulisho, ambako mara nyingi kiwimbi hakipo, au kama wanavyolitamka nyumbani. Usiwaamulie.

Kazi nyingine kubwa ni uchaguzi. Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti na wadi 1,450, na kuanzia mwaka 2013 kila wadi ina wagombea wake wenye mabango, fulana na kalenda. Eneo bunge la Mwea peke yake lina wadi nane. Wabunifu wengi wamenunua kompyuta mpya kwa pesa za uchaguzi. Wengi pia wamefilisika nazo, kwa sababu mgombea aliyeshindwa hapokei simu, na aliyeshinda ana walinzi mlangoni. Kinachomwokoa fundi ni malipo ya awali, angalau nusu, kabla ya wino kugusa kitambaa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007, mteja hawezi tena kusema benki imefungwa.

Mkataba nao usiudharau. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ikiagizwa, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba ukinyamaza, sheria imeshaamua dhidi yako. Barua pepe ya mistari mitatu inatosha: kazi ni hii, bei ni hii, mchoro wa mwisho ni wako ukimaliza kulipa, na mimi naruhusiwa kuuonyesha kama kazi yangu.

Je, kazi imekwisha?

Mwaka 2013 Adobe waliacha kuuza matoleo mapya ya programu zao za ubunifu kwa mkupuo, wakahamia malipo ya kila mwezi. Mwaka huo huo ikaja Canva, na mwalimu wa shule ya chekechea akaanza kujitengenezea kadi. Leo kuna akili bandia inayochora nembo kumi kwa dakika moja. Wabunifu wananung'unika, kama wapanga herufi walivyonung'unika mwaka 1985.

Mimi ningewashauri mambo mawili. La kwanza, jifunzeni programu huria. Inkscape ipo tangu mwaka 2003, haidai malipo ya mwezi, na inaandika ĩ na ũ bila shida. Mtu aliyejiajiri asiwe mpangaji kwenye kifaa chake mwenyewe, kama mkulima wa Mwea alivyokuwa mpangaji kwenye shamba alilolilima. Gakaara alielewa hilo mapema.

La pili, angalieni ni kitu gani mashine haibebi. Haibebi lawama. Haitajibu simu Ijumaa asubuhi binti akiuliza jina la mama yake limekuwaje. Haitakataa kuandika Pishori Halisi juu ya mchele wa uongo. Mteja wa Ngurubani anamjua mbunifu wake, anamjua na mama yake, na anajua duka lake liko wapi. Kwa sababu hiyo bado atapanda ngazi kwenda kumlipa.

Basi, kama una fundi wako wa michoro, mlipe deni lake leo. Na kama wewe ndiye fundi, fungua diski ya nje na unakili mafaili yote ya wateja wako kabla hujalala.